Kinga na Kinga: Kisa cha Maktaba ya Kensal Rise

Juma hili tuzungumzie habari ya kujitolea, na mfano wangu nitauchukua mbali kidogo. Upo mtaa uitwao Kensal Rise, kaskazini-magharibi ya jiji la London, ambako wakazi waliipigania maktaba yao kwa miaka mingi. Kisa chao kinamhusu kila mtu aishiye mjini na kulipa kodi.

Kwanza tutazame chanzo. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya maktaba za umma mwaka 1850, kwa juhudi za mbunge William Ewart. Miji yenye watu 10,000 na zaidi iliruhusiwa kutoza kodi ndogo sana kwa ajili ya maktaba. Lakini fedha hizo zilikuwa za jengo na mishahara tu. Kununulia vitabu hakukuruhusiwa mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1855! Vitabu ilitarajiwa wananchi wavitoe wenyewe. Kwa hiyo tangu mwanzo maktaba ya umma ilikuwa mkataba wa pande mbili: mji ulipe, na wananchi wachangie.

Kensal Rise nayo ilipita njia hiyo. Kiwanja kilitolewa na All Souls College ya Oxford, kwa sharti kwamba kitumike kwa maktaba. Chumba cha kusomea kilifunguliwa mwaka 1900 na mwandishi maarufu wa Marekani, Mark Twain. Miaka michache baadaye jengo lilipanuliwa kwa fedha za tajiri Andrew Carnegie. Kazi ya halmashauri ilikuwa kulitunza jengo na kuwalipa wakutubi, na kazi hiyo ilifanyika kwa miaka zaidi ya mia moja.

Mwaka 2010 serikali kuu ya Uingereza ilianza kupunguza sana ruzuku za halmashauri. Halmashauri ya Brent, yenye mtaa huo, iliamua kufunga maktaba 6 kati ya 12 ilizokuwa nazo. Wakazi walikwenda Mahakama Kuu, wakashindwa Oktoba 2011. Mafundi walipofika kuziba milango kwa mbao, waliwakuta wakazi wamesimama mbele yao. Tangu hapo watu wakapeana zamu za ulinzi. Ndipo usiku mmoja wa Mei 2012, mtaa ukiwa umelala, watu wa halmashauri wakisindikizwa na polisi waliingia wakaviondoa vitabu.

Wengi wetu tungesema basi, yamekwisha. Wao walijenga kibanda nje ya jengo, wakakusanya vitabu majumbani mwao, wakaendelea kuazimana. Mwanzoni mwa mwaka 2014 kibanda nacho kikabomolewa. Hawakuchoka. Lile sharti la kiwanja likawa na maana yake: kwa kuwa halmashauri haikuendesha tena maktaba, jengo lilirudi kwa chuo. Chuo kililiuza ligeuzwe nyumba za kupangisha na kuuza, lakini baada ya mabishano marefu nafasi ya chini ilitengwa kwa maktaba. Kufikia mwaka 2019 maktaba ilikuwa imefunguliwa tena, ikiendeshwa na wanaojitolea. Kule Preston, maktaba nyingine iliyofungwa siku zilezile, wakazi pia waliifufua, na wakawafundisha wageni lugha ya Kiingereza bila malipo.

Nawapongeza. Hata hivyo nina neno moja. Uchunguzi wa BBC wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba tangu 2010 maktaba 343 zilifungwa Uingereza, na ajira zipatazo 8,000 zikapotea. Katika kipindi hicho waliojitolea 15,500 waliandikishwa. Ukizitazama hesabu hizo utaona hatari iliyopo. Leo mwananchi anajitolea kusaidia, kesho msaada wake unafanywa sababu ya kumwachisha kazi mkutubi. Na je, ni nani mwenye nafasi ya kujitolea? Mstaafu mwenye pensheni anayo. Mama anayetoka alfajiri na kurudi usiku hana, ingawa wanawe ndio wanaoihitaji maktaba kuliko wengine. Kama kila maktaba itategemea kujitolea peke yake, mitaa yenye uwezo itabaki na vitabu, na mitaa ya wanyonge itabaki na kufuli mlangoni.

Sisi nasi tuna historia yetu. Tanganyika ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Nyerere alifungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Taifa changa, lenye shida nyingi, lilikubali kuwa kumpatia raia kitabu ni wajibu wa umma. Wajibu huo haufutwi kwa kuwa amepatikana mtu mwema wa kupanga vitabu bure.

Wahenga walisema kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga cha kwanza ni halmashauri: ilipe mkutubi, inunue vitabu, itengeneze paa. Cha pili ni sisi: tuwasomee watoto hadithi Jumamosi, tuwasaidie wanafunzi, tubandike kurasa zilizochanika. Diwani wako atakapokuja kuomba kura, muulize bajeti ya maktaba ni kiasi gani. Ukishamuuliza, nenda ukamwulize mkutubi wa mtaa wako anahitaji msaada siku gani.