Wazee Wetu Hawakuwa na Makaburi

Niwaulize kitu: umewahi kuona kaburi la babu ya babu yako? Mimi sijaona, na usinilaumu. Halipo.

Kabla ya mkoloni, watu wengi wa Embu, Mbeere na Meru hawakuzikwa. Mwili ulipelekwa porini, fisi akamaliza kazi. Wakati mwingine mgonjwa asiyetarajiwa kupona alitolewa nyumbani akiwa bado anapumua, ili kifo kisitie boma najisi. Aliyegusa maiti alitakaswa kwanza ndipo arudi kwa watu. Inatisha, najua. Lakini msikimbilie kuwaita washenzi.

Waingereza waliiteka Embu 1906, kituo chao cha Meru kikaanza 1908. Wamishonari wa CMS wakafika Kigari 1910, Waskoti wakafungua Chogoria 1922. Kanisa likafundisha kuzika, serikali ikalazimisha. Halafu likaja suala la ardhi. Mashamba yalipoanza kupimwa na kuandikishwa, kaburi likageuka ushahidi: hapa amelala baba, kwa hivyo hapa ni kwetu. Mwanaanthropolojia Jack Glazier, aliyefanya utafiti Mbeere, aliliandikia jambo hili 1984. Miaka mitatu baadaye Kenya nzima ikaona uzito wa kaburi, mwili wa wakili S. M. Otieno ulipokaa zaidi ya miezi mitano bila kuzikwa huku mjane wake na ukoo wakivutana kortini.

Sasa, bila kaburi, mtu alikumbukwa vipi? Kwa jina. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu mzaa baba. Pia kulikuwa na vizazi viwili, Nyangi na Thathi, vikipokezana usukani. Kila mzee alijua zamu yake ina mwisho, na nani anangoja nyuma yake. Hakuna aliyejidanganya kwamba simiti na tailisi zitamweka duniani. Ulichofanyia watu ukiwa hai ndicho kilichobaki, pamoja na mtoto wa kuitwa kama wewe.

Mimi nina jina la guka. Nilipoacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, nilijificha karibu mwaka mzima. Mtu akiniuliza, nasema niko likizo. Guka akawa mgonjwa huko Siakago, na mimi niko Embu mjini, safari ya matatu tu. Sikuenda. Nilitaka kwanza nijipange, nifike na kitu mkononi, asione jina lake limeharibika. Akafa nikiwa bado najipanga.

Siku ya mazishi, jamaa fulani walikuwa wanahesabu hatua kutoka kaburini hadi mpaka wa shamba. Mimi nilikuwa nahesabu Jumamosi nilizoweza kwenda. Baadaye cucu aliniambia guka alikuwa akiuliza swali moja tu: "Huyo wa jina langu anakula vizuri?" Mambo ya digrii hakuuliza hata siku moja.

Wale wazee walimjua fisi kwa karibu, kwa hivyo hawakuishi kama watu wenye muda wa kupoteza. Sisi tumezungushia kifo ua na maua, tukasahau kwamba kinakuja.

Cucu bado yuko hai. Jumamosi hii naenda, mkono mtupu hivyo hivyo.

Wewe umepewa jina la nani? Na unangoja nini?