Utani na Maelewano katika Sinema ya Rush Hour

Makala hii yahusu sinema moja ya Kimarekani iitwayo Rush Hour, iliyoanza kuonyeshwa huko Marekani tarehe 18 Septemba, 1998, na mwaka uliofuata ikatolewa katika kanda za video na sahani za DVD kwa watazamaji wa nyumbani. Yamkini msomaji atauliza: sinema ya mapigano na vichekesho yaingiaje katika jarida la uchunguzi wa lugha? Jibu ni kwamba chini ya mateke na ngumi zake limo jambo ambalo ni la lugha tangu mwanzo hata mwisho, nalo ni hili: nani ana haki ya kumcheka mwenzake, na haki hiyo hupatikana kwa njia gani. Wazee wetu walikuwa na jina la jambo hilo, waliliita utani.

Utani si matusi, ijapokuwa maneno yake yaweza kuwa yale yale ya matusi. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, kisha wakawa watani. Maneno ambayo zamani yangalileta mkuki, sasa yaleta kicheko. Sharti lake ni moja: kila upande uwe na haki ya kutania na wajibu wa kutaniwa. Utani wa upande mmoja ni dharau tu. Kwa kipimo hicho nitaitazama kwanza sinema yenyewe, pili namna ilivyoingia majumbani, na mwisho namna sinema za jinsi yake zilivyopokewa na wasemao Kiswahili.

Wachezaji wakuu ni wawili. Jackie Chan alizaliwa Hong Kong mwaka 1954, akalelewa katika chuo cha michezo ya jukwaani ya Kipeking, ambako watoto walifundishwa kuimba, kupiga sarakasi na kupigana kwa kuigiza. Alijaribu kuingia Marekani kwa sinema ya Battle Creek Brawl mwaka 1980, na tena kwa The Protector mwaka 1985, ambamo aliwekwa kuwa polisi wa New York pamoja na Danny Aiello. Hakupendezwa na jinsi mapigano yake yalivyopigwa picha. Kwa ajili ya watazamaji wa Hong Kong aliikata upya sinema hiyo na kuitia vipande vipya. Mlango wa Marekani ulimfungukia mwaka 1996, kampuni ya New Line ilipoonyesha huko Rumble in the Bronx. Mwenziwe, Chris Tucker, alikuwa mchekeshaji wa jukwaani aliyejulikana kwa sinema ya Friday ya mwaka 1995. Mmoja ujuzi wake u katika viungo. Wa pili u katika ulimi.

Sinema za watu wawili wasiopatana hazikuwa ngeni. 48 Hrs. ya mwaka 1982 na Lethal Weapon ya mwaka 1987 zilikuwa zimekwisha kuiweka kanuni yake, yaani Mzungu mmoja na Mmarekani mweusi mmoja, wagombane kwanza, wapatane baadaye. Rush Hour, iliyoongozwa na Brett Ratner, yatofautiana na hizo kwa kuwa katika jozi yake hamna Mzungu. Tena hadithi yaanzia Hong Kong mwaka 1997, katika usiku wa mwisho wa utawala wa Kiingereza, na mwovu anayefichuliwa mwishoni ni Mwingereza aliyekuwa mkubwa wa polisi huko. Kwa hiyo ugomvi wa wawili hawa ni ugomvi wa watu ambao wote wawili wamezoea kuamriwa na wengine.

Hadithi yenyewe ni fupi. Binti wa balozi mdogo wa China mjini Los Angeles ametekwa nyara. Balozi amwita rafiki yake, Inspekta Lee wa Hong Kong, aje kusaidia. Wapelelezi wa FBI hawamtaki. Wamtuma Carter, askari wa mji asiyependwa na wakubwa wake, amzungushe mgeni mjini asije akaingia kazini mwao. Wote wawili, basi, wamewekwa kando, wala Carter hakujua hapo kwanza kuwa naye amewekwa kando.

Katika uwanja wa ndege Carter amlaki Lee kwa kupaza sauti, polepole, kama asemaye na kiziwi, akitaka kujua kama mgeni ayafahamu maneno yatokayo kinywani mwake. Lee atabasamu, anyamaza. Baadaye yadhihirika kwamba Kiingereza akijua vema. Hakusema kuwa hakijui, ila Carter alijidhania hivyo. Mswahili ayaonaye hayo hahitaji mfasiri, kwa maana wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini yatupasa kuona zaidi ya methali. Kwa kunyamaza Lee alijilinda dhidi ya utani wa upande mmoja: yule asiyejibu hawezi kuingizwa katika mchezo ambao hana haki ndani yake.

Fundisho la pili lapatikana katika nyumba ya ulevi. Carter awaamkia weusi wenzake kwa neno waitanalo wao kwa wao. Lee, kwa adabu kabisa, alirudia neno lile lile. Papo hapo vita vikazuka. Kinywani mwa mwenyeji ni salamu. Kinywani mwa mgeni ni tusi zito la siku za utumwa. Kamusi yaweza kutupa maana ya neno, lakini haki ya kulitamka haimo katika kamusi. Sisi twalijua jambo hilo katika misiba, ambako mtani aweza kumcheka maiti na wafiwa wakacheka, hali mtu mwingine akithubutu atafukuzwa.

Tatu ni pale wawili hawa wasimamapo barabarani, Carter akimfundisha Lee kutamka maneno ya wimbo kama weusi watamkavyo, na Lee akimfundisha Carter kumnyang'anya mtu bastola. Hapo ndipo kila mmoja awa mwanafunzi wa mwenziwe, na hapo utani wa kweli waanza.

Hata hivyo mizani haikukaa sawa. Mzaha wa Carter juu ya Wachina ni mwingi kuliko wa Lee juu ya Wamarekani, na Chan mwenyewe amepata kusema hadharani kwamba mzaha wa Kimarekani uliomo humo haukumwelea sana. Deni hilo lalipwa kidogo mwishoni kabisa, majina ya watenda kazi yapitapo. Chan alikuwa na desturi, aliyoitoa katika The Cannonball Run ya mwaka 1981, ya kuonyesha mahali wachezaji walipokosea. Humo twamwona Tucker akishindwa kutamka maneno machache ya Kichina, na Chan akimcheka: yeye amesema Kiingereza sinema nzima, na mwenziwe hawezi maneno matatu! Utani umerudishwa.

Sasa tuje kwenye video. Sinema iliyogharimu kiasi cha dola milioni 33 ilikusanya katika majumba ya sinema ya dunia nzima kiasi cha dola milioni 244. Lakini katika jumba la sinema watu wengi huinuka majina yaanzapo kupita, na malipo yale ya deni huwapita. Nyumbani mtazamaji aweza kurudisha nyuma. Sahani ya DVD, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997, iliongeza jambo jingine: yaweza kubeba njia 8 za sauti na 32 za maandishi ya tafsiri. Katika DVD ya Rush Hour ya mwaka 1999, njia moja ya sauti alipewa Ratner, aeleze kazi yake juu ya sauti za wachezaji.

Sauti ya pili juu ya sauti ya kwanza haikuwa ajabu kwetu. Katika vibanda vya video vya Dar es Salaam, watafsiri, na mashuhuri wao akiwa Lufufu, walikuwa wakisema Kiswahili juu ya sinema za Marekani, Hong Kong na India. Baadaye sauti zao zikatiwa katika kanda na sahani zenyewe. Watafsiri hawa hawakufasiri neno kwa neno. Walieleza, walikosoa, waliwataja watu na mahali pa hapa, na waliwacheka wachezaji ambao hawakuweza kuwajibu. Pale wawili walipotaniana, mtani wa tatu alitokea, naye alisema Kiswahili.

Hapa pana kazi ya wataalamu wa lugha. Mtafsiri alipokutana na tusi la Kiingereza, je, alitia tusi au utani? Polisi wawili waliitana bwana, ndugu, kaka au mwanangu? Mkubwa aliamkiwaje? Majibu yamo katika kanda, na kanda hazidumu. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo mwaka 2016, na utepe wa sumaku hufifia kwa joto na unyevu wa pwani. Twazitunza tenzi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na ni haki. Basi kanda hizo nazo zikusanywe, zinakiliwe, na maneno yake yaandikwe, maadamu wapo hai watu wanaoweza kutueleza kwa nini kibanda kizima kilicheka.