Bustani ya Amani na Jirani Yake Msitu

Mpanda miti hodari kuliko wote katika milima ya Usambara Mashariki hajawahi kushika jembe. Ni hondohondo, ndege mkubwa mweusi kwa mweupe, mwenye mdomo mzito unaoonekana kama mzigo alioazimwa. Mvumo wa mabawa yake humtangulia. Mtu husikia kwanza, kisha ndipo humwona. Hutua kwenye msizi uliozaa, akameza matunda mazimamazima, akaruka hadi ng'ambo ya bonde na kuzitema mbegu huko. Kima nao wana sehemu yao katika kazi hiyo. Mbegu ikiangukia penye uwazi, labda mti mkubwa umeanguka au umekatwa, mche wake hupanda juu mbio kuliko karibu kila kitu kinachoota jirani.

Msizi si mti wa milima hiyo. Ulitoka bustanini, pale pale Amani.

Simulizi za uharibifu wa misitu ya Usambara kwa kawaida huanza na shoka la mwanakijiji. Zilianza hivyo enzi za wakoloni na zimeendelea hivyo katika ripoti nyingi zilizofuata: Msambaa analima, anafyeka, anachoma, msitu unarudi nyuma. Lipo la kweli humo. Lakini kuna jirani mwingine ambaye kwa miaka mingi hakutajwa katika kesi hiyo, jirani msomi, mwenye maktaba na maabara, ambaye kila mti alioupanda aliuandika daftarini.

Wajerumani walifika na pupa. Mwaka 1891 kampuni yao ya Afrika Mashariki ilifungua shamba la kahawa Derema, katikati ya msitu. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: palipo na miti mirefu namna ile, udongo lazima uwe mnono. Msitu uliwadanganya. Katika mvua nyingi za milima ile, rutuba haikai sana udongoni. Imo ndani ya miti yenyewe na katika tandiko la majani yanayooza juu ya ardhi. Miti ikiondolewa, kinachobaki ni udongo mwekundu wenye asidi uliochujwa na mvua kwa karne nyingi. Kahawa ikadhoofika, mashamba yakadorora, na baadaye sehemu kubwa ya ardhi ile ikaangukia kwenye chai. Derema ilibakiza jina lake mahali pasipotarajiwa: yule kinyonga wa pembe tatu wa Usambara, ambaye dume lake linafanana na mnyama wa hadithi, wataalamu wanamwita Trioceros deremensis.

Ilipofika 1902, serikali ya Kijerumani iliamua kwamba kubahatisha kumetosha. Ikaanzisha Amani, kiasi cha mita 900 juu ya usawa wa bahari, taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo, na kando yake bustani ya majaribio iliyokuja kuwa miongoni mwa bustani kubwa za mimea katika nchi za joto. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Franz Stuhlmann, mtu aliyewahi kuzunguka bara pamoja na Emin Pasha, mwanzilishi wa kituo cha Bukoba. Mimea ikaletwa kutoka kila pembe ya dunia yenye joto: mikwinini ya Amerika Kusini, mipira ya aina kadhaa, mikafuri, mitiki, mianzi, viungo, miti ya mbao, miti ya maua. Swali lililoulizwa kwa kila mche lilikuwa moja, nalo lilikuwa la haki kabisa kwa mkulima: je, utakubali?

Swali la pili halikuulizwa. Ukikubali kupita kiasi, itakuwaje kwa jirani?

Jirani huyo hakuwa wa kawaida. Misitu ya Usambara Mashariki imekuwa ikinyeshewa na mvua za Bahari ya Hindi kwa mamilioni ya miaka, nyanda kavu zimeitenga na misitu ya Kongo, na katika upweke huo imezalisha viumbe visivyopatikana kwingine. Kati ya bustani na msitu hapakuwa na ukuta wala mto mkubwa. Palikuwa na njia ya miguu. Mtu anayetembea Amani hata leo anaweza kutoka kwenye vitalu vya Mjerumani na kuingia msituni bila kujua ni hatua ipi iliyovuka mpaka.

Ajabu ni kwamba kabla bustani haijaanza kuleta maua ya kigeni, msitu ulikuwa umeshatoa la kwake. Mwaka 1892, Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya Kijerumani na mwandishi wa kitabu cha kufundishia Kiswahili kilichochapwa Berlin mwaka 1890, alimpelekea baba yake Ujerumani mmea mdogo wenye majani ya manyoya na maua ya rangi ya urujuani. Baba akampelekea Hermann Wendland, msimamizi wa bustani za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka uliofuata akaupa mmea jina la familia hiyo: Saintpaulia. Ulaya na Marekani ziliupokea kama mali iliyopotea ikapatikana. Leo uko kwenye madirisha ya mamilioni ya nyumba, na Wajerumani bado wanauita urujuani wa Usambara. Kwao kwa asili unaishi kwenye miamba yenye unyevu chini ya kivuli kizito. Kivuli kikiondoka, mwamba hukauka na ua nalo huondoka. Bibi wa Hannover anaweza kuwa na vyungu sita dirishani wakati mwamba lilikotoka ua lake umebaki mtupu.

Msizi uliingia Amani mwaka 1913. Huu ndio upande wa kisa unaowakwaza watu waliozoea kumtafuta mgeni ng'ambo ya bahari, kwa sababu ni mti wa Afrika, na kwa Kagera na Uganda ni mti wa nyumbani. Hata jina lake limetoka kwa Waganda. Kisayansi unaitwa Maesopsis eminii, kwa heshima ya Emin Pasha yule yule. Kwao una wadudu wake, magonjwa yake na majirani waliokwisha kuuzoea. Mamia ya kilomita kusini-mashariki, upande wa pili wa nyika, ulikuwa mgeni kamili.

Kwa muda haukumsumbua mtu. Vita Kuu ya Kwanza ilikuja, Amani ikakatiwa mawasiliano na Ulaya, na wataalamu wake wakageukia kutengeneza kwinini, sabuni na mahitaji mengine ya koloni lililozingirwa. Waingereza walipoiteka mwaka 1916 walirithi bustani wasiyokuwa na haraka nayo. Miaka ilipita kabla ya kituo kufufuliwa, na vitalu vingi katika kipindi hicho vilijiendea vyenyewe. Bustani isiyopaliliwa huwa haifi. Inachagua.

Mwaka 1928 akafika Reginald Moreau, Mwingereza aliyeajiriwa kushughulikia ofisi na maktaba, ambaye moyo wake ulikuwa kwa ndege. Kwa karibu miaka ishirini yeye na wasaidizi wake, hasa Salimu Asmani, mtu aliyeujua msitu kwa macho na masikio, walikusanya habari za ndege wa Amani ambazo watafiti wanazitegemea hadi sasa. Mmoja wa ndege hao, mshonaji majani mdogo mwenye mdomo mrefu, alipewa jina la Moreau mwaka 1931. Naye ana vituko vyake. Ni miongoni mwa ndege adimu Afrika, lakini anapenda kingo za msitu na vichaka vilivyosukwa na mimea itambaayo, hivyo amekutwa mara kwa mara katika viunga vile vile vya Amani. Si kila kiumbe kiliumizwa na bustani kwa kipimo kimoja, na mwandishi wa historia hii hana budi kulisema hilo kabla ya kuendelea na mashtaka.

Mashtaka yenyewe yanaiva miaka ya 1960 na 1970. Idara ya misitu ilitaka mti unaokua haraka wa kujazia maeneo yaliyovunwa, na msizi ukaonekana ni jibu. Ukapandwa kwa makusudi. Kisha, kuanzia katikati ya miaka ya 1970, kiwanda cha mbao cha Tanga kikapata mashine kubwa kwa msaada wa Finland na kuanza kukata katika msitu wa asili. Barabara zikachimbwa mabondeni, miti ya kale ikaanguka, na kila palipoangushwa mti mkubwa paliachwa dirisha la jua. Mbegu tayari zilikuwapo, na hondohondo walikuwapo. Kazi hiyo iliposimamishwa baada ya malalamiko mengi kuelekea mwisho wa miaka ya 1980, misizi ilikuwa imetawala sehemu pana za msitu uliovunwa.

Watafiti waliopita humo wakati huo walieleza jambo ambalo mkulima yeyote angelielewa. Majani ya msizi huoza upesi. Chini yake hakuna tandiko nene la majani kama lile la msitu wa zamani, na wadudu wa ardhini hupungua. Kwa mpita njia hiyo ni habari ndogo. Kwa kinyonga kibeti wa rangi ya jani kavu, ambaye maisha yake yanategemea takataka za msitu, au chura asiyezidi ukucha wa kidole gumba, tandiko hilo ndilo paa, ghala na kitanda.

Na msizi haukuwa peke yake. Mpira wa Amerika uitwao Castilla ulishuka mabondeni. Kichaka cha majani yenye manyoya na matunda madogo ya buluu iliyoiva, Clidemia hirta, kilijaza njia za msituni. Visiwani Pasifiki kichaka hicho hicho kinajulikana kama laana ya Koster. Zaidi ya miaka mia moja baada ya bustani kuanzishwa, wataalamu waliohesabu walikuta zaidi ya aina 200 za mimea ya kigeni zingali hai mle. Nyingi zimetulia pale zilipowekwa, kama wageni wenye adabu. Chache zilitoka nje, na hizo chache zimetosha.

Mwanakijiji sasa arudi kwenye kisa. Kwa vizazi kadhaa, watu wa Usambara Mashariki walilima iliki chini ya kivuli cha msitu. Iliki ilikuwa ada ya shule, bati la nyumba, mahari. Haikuwa kilimo kisicho na dhara: mkulima hufyeka miche midogo ili iliki ipate nafasi, na miti mikubwa ikizeeka haina wa kuirithi. Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilipotangazwa mwaka 1997, ikiwa na hekta zaidi ya 8,000, wahifadhi walitaka kuiunganisha na misitu mingine kupitia ukanda wa Derema, wenye jina lile lile la shamba la kahawa la 1891. Ukanda ulijaa iliki. Katika miaka ya 2000 zaidi ya wakulima 1,000 walihesabiwa mashina yao, wakalipwa fidia ambayo wengi waliiona haitoshi wala haikufika kwa wakati, na wakatakiwa kutoka.

Iliki iliondoka, na hakuna aliyehesabiwa mashina ya misizi. Hasira ya mkulima wa Derema ni rahisi kuielewa hata kwa anayeamini, kama mwandishi huyu anavyoamini, kwamba ukanda ule ulistahili kulindwa. Jirani mmoja aliambiwa ang'oe alichopanda ndani ya miaka michache. Aliyepanda mwaka 1913 alikuwa ameshaondoka na meli.

Haki inataka pia kutajwa kwamba hofu za miaka ya 1980 juu ya msizi zimepoa kidogo. Msizi ni mti wa jua. Ndani ya msitu mzito usioguswa, miche yake hufa njaa ya mwanga, na mahali pengine miti ya asili imeonekana ikichipua chini ya misizi iliyokwisha kuzeeka. Huenda msitu unamtumia mvamizi kama mwavuli wa muda. Kazi hiyo ya kusubiri inahesabiwa kwa miongo, na inadai msitu usikatwe tena.

Vijiji vilipata bustani za namna nyingine mwanzoni mwa karne hii, mradi wa vipepeo wa Amani ulipowafundisha watu kupanda nyuani kwao mimea ya asili ambayo viwavi wa vipepeo wa msituni hula. Mabuu yaliuzwa Ulaya na Marekani, kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo, na fedha zikarudi kijijini. Mtu wa Amani akalipwa kwa kupanda kitu ambacho msitu unakijua. Mwaka 2016 serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi, na mabuu ya vipepeo yakahesabiwa humo.

Msizi umebaki na soko lake. Mbao zake ni nyepesi na hupasuliwa bila shida, kuni zake zinawaka, na wakulima wengi wameupanda mashambani, wengine juu ya iliki iliyobaki nje ya mpaka. Ndani ya hifadhi ni mti kama mti mwingine: mwanakijiji huruhusiwa kuokota kuni kavu kwa siku zilizopangwa, lakini shoka haliruhusiwi, hata kwa ule uliotoka bustanini.