Mshubiri wa chunguni huuawa na maji, si kiu

MSHUBIRI, mmea wenye majani manene yaliyojaa ute, hupandwa katika vyungu na mikebe kwenye vibaraza vya nyumba nyingi nchini Kenya. Aina ipandwayo zaidi, Aloe vera, asili yake ni Bara Arabu, kwenye jua kali na mvua haba. Ndiyo sababu katika miinuko yenye unyevu, kama Runyenjes katika Kaunti ya Embu, mmea huo hufa kwa maji mengi kuliko kwa kiu.

Runyenjes iko kwenye miteremko ya Mlima Kenya, upande wa kusini-mashariki. Mvua ndefu hunyesha kuanzia Machi hadi Mei na fupi Oktoba hadi Desemba, huku Julai ikiwa na baridi na mawingu. Udongo wake mwekundu huhifadhi maji kwa muda mrefu. Hiyo ni neema kwa kahawa, lakini mizizi ya mshubiri huoza ikikaa kwenye unyevu.

Mmea huu huweka akiba ya maji majanini. Mchana hufunga vitundu vya majani ili maji yasipotee, na usiku huvifungua ili kuvuta hewa. Kwa hivyo, unaweza kukaa majuma kadhaa bila kunyweshwa.

Udongo: Changanya udongo wa shamba na mchanga wa mtoni wenye chembe kubwa, kwa kiasi sawa. Chungu kiwe na matundu chini, na maji yasituame katika sahani yake.

Maji: Ingiza kidole udongoni. Ukiwa mkavu hadi kina cha sentimita 5, mwagilia mpaka maji yachuruzike chini, kisha usubiri ukauke tena. Wakati wa kiangazi, mara moja kila majuma mawili hutosha; Julai, mara moja kwa mwezi. Msimu wa mvua, chungu kisogezwe chini ya paa.

Mwangaza: Dirisha linalopata jua la asubuhi linafaa. Majani yakirefuka na kulegea, mwanga ni hafifu.

Dalili: Majani yaliyokonda na kujikunja yana kiu. Yaliyo laini na ya kahawia karibu na shina yameoza, na kuyaongezea maji ni kuumaliza mmea. Ung'oe, ukate mizizi iliyooza, uuache ukauke kivulini siku 2 au 3, kisha uupande katika udongo mkavu.

Uzazi: Tenga machipukizi yanayoota kando ya shina. Jani lililokatwa pekee huoza badala ya kutoa mizizi.

Tahadhari: Utomvu wa manjano ulio chini ya ganda la jani ndio shubiri yenyewe, na huharisha. Mwaka wa 2002, Marekani iliondoa sokoni dawa za kuharisha zilizotengenezwa kwa utomvu huo, zilizokuwa zikiuzwa bila cheti cha daktari. Wajawazito wasiunywe, na mmea uwekwe mbali na watoto, mbwa na paka.

Mishubiri ya mwituni, kama ile ya nyika za Mbeere, isichimbwe. Uvunaji wake kwa biashara ulipigwa marufuku kwa amri ya rais mwaka wa 1986, na kanuni za mwaka wa 2007 zikaweka masharti ya kuikuza. Anayetaka mmea wa nyumbani aombe chipukizi kwa jirani: mshubiri mmoja uliokomaa huzaa ya kutosha kugawa.