Bahari Ikifungwa, Mitende Huiva

Wanaosimulia biashara ya majahazi humfuata baharia wa Oman na Ghuba akiwa safarini tu. Humwona akiteremka na kaskazi, akishusha tende na samaki wakavu Lamu, Mombasa na Unguja, akipakia boriti za Rufiji, kisha akipandisha tanga kusi inapoanza kuvuma. Akishapotea upeoni, simulizi hukatika mpaka kaskazi ya mwaka wa pili. Miezi ya katikati, ile ya joto kali aliyoipitisha kwao, huachwa kana kwamba baharia ni chombo kilichopandishwa pwani kikangoja maji. Mimi naona kinyume. Mapumziko yale ya karibu na nyumbani yalikuwa sehemu ya biashara yenyewe, na asiyeyahesabu hawezi kueleza hata lile kanda la tende lililofika Unguja.

Tuanze na upepo. Kusi ileile inayomrudisha nahodha kwao mwanzoni mwa msimu hugeuka adui kuanzia Juni hadi Agosti, mawimbi ya Bahari ya Arabu yanapokuwa makubwa mno kwa jahazi la mbao. Hapo ndipo husemwa bahari imefungwa. Ahmad bin Majid wa Julfar, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha uanamaji mnamo 1490, alizipanga nyakati za kung'oa nanga kwa kuhesabu siku tangu Nairuzi, yaani siku ya mwaka mpya, na kwa Nairuzi hiyohiyo Waswahili walihesabu Mwaka wao wa kilimo na uvuvi. Sasa, wakati bahari inafungwa, Oman mitende inaiva. Miji ya bandari, iliyobanwa kati ya majabali na maji, ilikuwa tanuri, na aliyeweza kuondoka aliondoka. Watu wa Sur walikuwa na mitende ya Bilad Sur, mwendo mfupi tu kutoka bandarini. Wa Muscat waliufuata ukanda wa Batinah. Huko waliishi katika vibanda vya makuti ya mtende vilivyopitisha upepo, chini ya vivuli, karibu na visima au mifereji ya falaji, wakila tende mbichi laini zilizoangushwa asubuhi ileile.

Atakayepinga atasema hayo si mapumziko bali mavuno, na kwamba aliyefungiwa na mawimbi hajachagua kustarehe. Ni kweli kwamba mikungu haikujikata yenyewe. Tende za aina ya mabsali zilichemshwa katika masufuria makubwa, zikaanikwa, kisha zikauzwa India; hiyo ni kazi ya jasho. Lakini kuyatenga mapumziko na kazi kama mafuta na maji ni mazoea ya watu wa saa za ofisini. Baharia aliyekaa miezi mingi chini ya amri ya nahodha, akilala juu ya shehena, sasa alifanya kazi kwa mwendo wake, na mchana ulipochoma alijilaza kivulini. Upepo ulimlazimisha kubaki. Haukumwambia namna ya kubaki. Na tende alizozishindilia kwenye makanda wakati huo ndizo zilizoingia Unguja miezi michache baadaye.

Pingamizi zito zaidi linatoka Kuwait na pwani ya Abu Dhabi na Dubai. Huko majira ya joto yalikuwa majira ya kuzamia lulu. Alan Villiers, Mwaustralia aliyesafiri ndani ya jahazi la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi mwaka 1938 na 1939, hadi Unguja na Rufiji, alieleza jinsi mabaharia walivyofungwa na madeni: mtu alichukua salafu kabla ya safari, mgao wake haukulitosha deni, akaingia kwenye chombo cha wazamiaji bila kupumzika. Familia za Abu Dhabi zilipanda ngamia kwenda mitendeni Liwa na Al Ain, huku wanaume wengi wakiwa wamebaki baharini wakizama. Je, hoja imeanguka? Naona imepata makali. Kama kivuli cha mtende kingekuwa uvivu wa kujaza pengo, kila baharia angekipata, maana pengo lilikuwa la wote. Kumbe kilikuwa na bei, na mwenye deni hakuweza kuilipa. Nahodha, mwenye shamba na baharia asiyedaiwa walipumzika. Mzamiaji alizama ili tajiri wake apumzike.

Lulu za kupandikizwa za Japani na mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 viliua soko la wazamiaji, kisha mafuta yakawaondoa mabaharia wenyewe majahazini, na viyoyozi vikawatoa watu mitendeni. Leo, kuanzia Juni hadi Septemba, magari hujaa njia ndefu ya kwenda Salalah, kusini mwa Oman. Familia hutandika mikeka juu ya majani mabichi, watoto wakilowa manyunyu ya kusi, upepo uleule uliokuwa ukiifunga pwani hiyo kwa majahazi.