Michezo ya zamani ya kompyuta: Kongo iliyohamishwa, na jinsi ya kuifungua leo

KISANGANI, Tshopo – Ipo michezo miwili ya kompyuta yenye mizizi Kongo, lakini hadithi zake zilihamishiwa mbali. Mmoja ni wa 1984, mwingine wa 2012. Wa zamani bado unafunguka kwenye kompyuta mpya. Ule wa karibuni ndio ulioondolewa dukani.

Wa kwanza unaitwa Amazon. Mwandishi Mmarekani Michael Crichton alitoa riwaya ya Congo mwaka 1980, ya watafiti wanaosaka almasi katika msitu wa Kongo wakiwa na gorila anayejua lugha ya ishara. Alipotaka kuifanya mchezo, haki za riwaya hiyo zilikuwa zimekwisha kuuzwa. Basi msitu ukahamishiwa Amerika Kusini, na gorila akageuzwa kasuku.

Wa pili ni Spec Ops: The Line, na mzizi wake uko Kisangani penyewe. Septemba 1890 Joseph Conrad alifika Stanley Falls, ndiyo Kisangani ya leo, kwa meli ya mvuke Roi des Belges. Safari hiyo ilizaa kitabu Heart of Darkness. Watengenezaji wa mchezo walichota humo, kisha wakaipeleka hadithi Dubai iliyofukiwa na mchanga.

Kwa nini mchezo wa 1984 bado unaishi? Michezo ya MS-DOS ilizoea kuzungumza moja kwa moja na mashine: kioo, sauti, kibodi. Windows XP ya 2001 ilizuia mazungumzo hayo, na Windows za biti 64 hazifungui kabisa programu za biti 16. Hata michezo iliyokubali kufunguka, mingine ilikwenda mbio kupita kiasi, kwa kuwa ilipimwa kwa kasi ya mashine za zamani.

Mwaka 2002 Waholanzi wawili, Peter Veenstra na Sjoerd van der Berg, walitoa DOSBox. Programu hiyo huigiza kompyuta nzima ya zamani ndani ya mpya, na mtumiaji anaweza kupunguza kasi yake. Ni ya bure, ni ndogo, na inafanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac, hata kwenye kompyuta za mitumba. Ila haiji na michezo yenyewe. Faili za mchezo ni lazima ziwe zimehifadhiwa na mtu kabla disketi hazijaharibika.

Spec Ops: The Line haukushindwa na Windows. Januari 2024 uliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni kwa sababu leseni za baadhi ya vitu vilivyomo zilikuwa zinakwisha. Aliyekwisha kuununua anaendelea kuucheza. Anayeutaka leo hana duka la kuupakua.

Jambo hili si la wachezaji tu. Michezo hii ni ushahidi wa jinsi wageni walivyoichukua Kongo, wakatumia hofu na utajiri wake, kisha wakaliacha jina. Mwanafunzi wa Kisangani anaweza kukisoma kitabu cha Conrad na kukijibu. Mchezo usiofunguka hajibiwi aliyeutunga. Ndiyo maana mwenye nakala ya zamani, iwe disketi au CD, afadhali ainakili sasa, wakati bado inasomeka.