Ulinzi wa Mtandao Ulianzia Darasa la Uhasibu

Usalama wa mtandao huzungumzwa nchini kana kwamba ni elimu iliyoingia juzi pamoja na intaneti. Historia inasema vingine. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta Tanzania, baada ya mpango wa kuendesha hesabu za Hazina kwa mashine kuvurugika. Mashine zilikuwepo, waliopungua ni watu wa kuzimudu. Kwa miaka mingi fedha za umma zikaendelea kulindwa na mhasibu na kanuni zake: anayeidhinisha malipo asiwe yeye anayelipa, na kila shilingi iwe na hati. Kanuni hizo ndizo zinazolinda mifumo ya leo, na Singida inazifundisha, kwa kuwa ina kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania.

Kilichobadilika ni mlinzi. Tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, malipo ya mkulima wa alizeti wa Iramba yanaweza kuingia kwenye laini yake bila kupita kwa mhasibu yeyote. Tapeli naye akabuni njia nyepesi: “Ile hela tuma kwenye namba hii.” Ujumbe huo hauvunji mfumo wowote, unamvizia aliyekuwa tayari na hela ya kumtumia mtu. Sheria ya Makosa ya Mtandao, iliyoanza kutumika Septemba 1, 2015, iliweka adhabu, lakini adhabu hufika fedha zikiwa zimekwenda.

Ndiyo maana Singida inahitaji cheti kifupi cha usalama wa mtandao kwa wanaoshika fedha. Wapo watakaosema cheti cha miezi michache ni karatasi tu, na kwamba jirani, Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kinatoa shahada ya fani hiyo. Ni kweli, kuchunguza seva iliyoshambuliwa kunahitaji shahada. Ila mwenye shahada huvutwa na ajira za Dar es Salaam, ilhali karani wa halmashauri, mhasibu wa saccos na wakala wa Manyoni tayari wana kazi zao hapahapa. Wengine watasema utapeli ni tabia, si teknolojia. Hiyo ndiyo sababu ya kuwafundisha makarani, wahasibu na mawakala hao kwanza, maana uhasibu tangu zamani ni elimu ya kuzuia tabia mbaya kwa utaratibu mzuri. Taasisi ya Uhasibu na Chuo Kikuu cha Dodoma vishirikiane kutoa cheti hicho jioni mjini Singida, na halmashauri ziwalipie watumishi wake ada.